Stakabadhi si korosho: kuhifadhi kurasa na madokezo ya utafiti mtandaoni

Mtwara kuna msimu wa korosho na kuna msimu wa kukabidhi tafiti. Wa kwanza kila mtu anaujua. Wa pili tunaujua zaidi sisi wenye steshenari, maana ndizo wiki ambazo printa haipoi na rimu za karatasi zinaisha kabla ya adhuhuri. Wanachuo wanapanga foleni na fleshi mkononi, na kila baada ya watu watatu au wanne anafika mmoja mwenye sura ya aliyepoteza nauli. "Kaka, kuna kitu nilikisoma mtandaoni, kizuri kweli, kina maelezo yote. Nilikisevu. Sasa sikioni."

Ukimuuliza alikisevu wapi, hana hakika. Labda kwenye simu. Labda kwenye WhatsApp, alijitumia mwenyewe. Labda kwenye kompyuta ya chuo, au ni picha ya skrini iliyozikwa katikati ya picha za harusi ya dada yake. Neno "kusevu" tumelibebesha mizigo mingi mno, kwa hiyo halimwambii mtu tena alichofanya hasa.

Mkanganyiko huu ulizidi mwaka 2025. Pocket, programu iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi duniani kuweka makala za kusoma baadaye, ilifungwa tarehe 8 Julai mwaka huo. Nikasikia kauli mbili zinazogongana. Mmoja akasema makala zake zote zimefutwa mtandaoni. Mwingine akamcheka: makala zipo palepale, hakuna kilichopotea. Wote wawili walikuwa na ukweli nusunusu, na kuwapatanisha kunahitaji kwanza tujue mtu anapohifadhi ukurasa anabaki na nini mkononi.

Kwa watu wa huku kusini njia fupi ya kulieleza ni stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho zake AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, zinapimwa uzito, zinapangwa daraja, zinasafirishwa hadi ghala kuu, naye anabaki na karatasi. Karatasi inasema kilo ngapi, daraja gani, tarehe gani, za nani. Korosho za Mtwara zilianza kuuzwa hivi msimu wa 2007/2008, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2005, na hadi leo wapo wazee wanaobishana kama mfumo huu ni neema au balaa. Huo ugomvi tuuache. Jambo moja hakuna anayelibishia: ile karatasi haikaangwi wala haitafunwi. Inakuambia tu korosho ziko wapi.

Sasa tuyapange maneno. Alamisho ni stakabadhi: anwani ya ukurasa pamoja na jina lake, basi. Dokezo ni maandishi yako mwenyewe unayoyabandika juu ya ukurasa wa mtu mwingine, pamoja na ile rangi ya njano unayoipaka kwenye sentensi iliyokugusa. Nakala ni korosho zenyewe: ukurasa au faili la PDF lililonakiliwa likakaa kwako. Anayesema "nimesevu" anaweza kuwa amefanya moja kati ya hayo matatu, na mara nyingi amefanya la kwanza huku moyoni akiamini amefanya la tatu.

Waliokuwa na Pocket, basi, waliponea wapi na walipoteza nini? Makala ziliandikwa na magazeti na tovuti mbalimbali, na huko zilibaki. Kilichokuwa kinaondoka ni daftari lote la stakabadhi, pamoja na lebo, yaani maneno mafupi ya kuitambulisha kila makala, na mistari waliyoipaka rangi. Walipewa muda wa kutoa orodha yao. Aliyeitoa alibaki na anwani zake. Aliyepuuza alibaki na ghala zilizojaa asizokumbuka mlango wake.

Kuna tofauti moja kati ya stakabadhi ya korosho na alamisho, na si ndogo. Mwenye ghala la korosho anawajibika kwako kisheria. Mwenye tovuti hajui hata kama upo. Akiamka kesho akabadili mpangilio wa tovuti, akaacha kulipia jina lake, au akaifuta makala kwa sababu zake, hakuudhi wewe, hakujui. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichunguza jambo hili na kueleza mwaka 2024 kwamba kati ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Karibu mbili katika kila tano. Sisi tunaosoma ripoti za miradi iliyokwisha na tovuti za taasisi zinazobadilishwa kila akija mkuu mpya, hatuna sababu ya kujiona tumesalimika.

Nyota ya pembeni

Tuanze na kilicho rahisi. Karibu kila kivinjari, kiwe Chrome, Firefox au kingine, kina alama ya nyota au kitu kinachofanana nayo. Ukiibonyeza, alamisho imeingia. Inakaa wapi? Kwenye kifaa hicho hicho, isipokuwa kama umeingia kwenye akaunti yako na umeruhusu vifaa vyako vilingane. Ukiruhusu, ulichokiwekea nyota kwenye simu ukiwa Shangani utakikuta kwenye kompyuta ukiwa Masasi. Usiporuhusu, simu ikiangukia kwenye ndoo ya maji imekwenda na nyota zake.

Kompyuta ya wateja dukani kwangu ina alamisho za watu nisiowajua. Kuna za magonjwa ya mimea, kuna za sheria ya ndoa, kuna za nafasi za kazi, kuna moja ya jinsi ya kumrudisha mpenzi. Kila mmoja aliyezibonyeza aliondoka akidhani amejiwekea akiba. Hajajiwekea, ameniwekea mimi. Na yule anayeingia na akaunti yake kwenye kompyuta ya watu kisha akasahau kutoka ameacha zaidi ya alamisho: ameacha mlango wa nyumba wazi.

Hatua inayofuata ni huduma za alamisho za mtandaoni. Hapa orodha yako haikai kwenye kifaa. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta za huduma hiyo, na unaifungua popote kwa neno lako la siri. Zipo kadhaa: Raindrop.io, ambayo unaweza kuanza nayo bila malipo; Diigo, iliyoanza mwaka 2006 na inayochanganya alamisho na madokezo; Pinboard, ya kulipia, isiyo na mapambo. Mama yao wote ni Delicious, iliyoanza mwaka 2003. Delicious ndiyo iliyowazoesha watu kwa wingi kuweka alamisho zao mtandaoni na kuzipa lebo. Yahoo waliinunua mwaka 2005, wakaiuza mwaka 2011, na mwaka 2017 ikaishia mikononi mwa Pinboard, aliyekuwa mshindani wake mdogo, akaifunga isipokee kitu kipya. Kwa hiyo kisa cha Pocket hakikuwa cha kwanza. Google nao walikuwa na huduma yao ya alamisho, wakaifunga mwaka 2021.

Machinga yupi?

Delicious imekufa lakini lebo zake hazikufa, na hapo ndipo utafiti unapoanza kuonja utamu.

Kuna binti wa mwaka wa tatu aliyekuja dukani akitafiti Wamachinga. Wamachinga ni watu wa Lindi, wana lugha yao, Kimachinga. Lakini andika "machinga" kwenye Google uone. Yatakujia maelfu ya habari za wafanyabiashara ndogondogo: vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyotolewa kuanzia mwishoni mwa 2018, kuhamishwa kwa vibanda, jengo la Machinga Complex la Dar es Salaam. Utapata pia Machinga, wilaya ya Malawi, yenye habari zake za uchaguzi na mafuriko. Kosea herufi moja tu, utajikuta Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, ambako angalau umekaribia nyumbani. Na katikati ya msitu huo wote kuna makala chache za maana kuhusu kabila lenyewe na jinsi jina lake lilivyogeuka kuwa jina la kazi.

Binti huyu alikuwa na viungo sitini na kitu, vyote vimepangwa kwa namna ambayo WhatsApp inajua kupanga: cha jana juu ya cha juzi. Vyote vina neno machinga. Angepanga kwa folda, angekwama pia. Makala inayoeleza jinsi vijana wa Lindi walivyohamia Dar kuuza bidhaa mkononi iende folda gani, ya kabila au ya biashara? Folda ni kama droo ya kabati. Karatasi moja inakaa droo moja, na ukiitoa nakala uiweke kote kuwili, keshokutwa utasahihisha moja na kuisahau ya pili.

Lebo hazina shida hiyo. Jirani yangu ni mkulima kwenye orodha ya AMCOS, ni muumini kwenye orodha ya msikiti, ni mwanachama kwenye daftari la VICOBA, na ni mtu wa Simba kwenye kila kijiwe. Hakuna aliyelazimika kumkata vipande ili aingie kote. Ile makala ya vijana wa Lindi vivyo hivyo: inapata lebo ya machinga-kabila, machinga-biashara, uhamiaji na asili-ya-neno, kisha unaiita kwa jina lolote kati ya hayo inakuja. Ukiita mawili kwa pamoja, machinga-kabila na asili-ya-neno, sitini zinabaki tano.

Lebo nazo zina ugonjwa wake. Wiki ya kwanza mtu anaandika "korosho", ya pili "Korosho", ya tatu anasoma makala ya Kiingereza anaandika "cashew", na mwisho wa mwezi ana lebo nyingi kuliko makala. Ushauri wangu, ambao wengi wanaupokea kwa kichwa na hawautekelezi: andika orodha ya lebo kwenye karatasi kabla hujaanza, zisizidi ishirini, herufi ndogo tupu, lugha moja. Na katika hizo ishirini, nne au tano zisihusu mada kabisa, zihusu kazi utakayoipa makala hiyo. Mimi nawapa wanachuo hizi: ushahidi, pinzani, mbinu, kurudia. Lebo ya mada inakwambia makala inazungumzia nini. Lebo ya kazi inakwambia uliitaka ya nini, na hilo ndilo unalolisahau upesi zaidi.

Wanaoandika kuhusu mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru kule Lindi wana tatizo la kinyume. Huko kitu ni kimoja lakini majina ni mengi. Yule mnyama mrefu aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, kwenye vitabu vya zamani anaitwa Brachiosaurus, na wataalamu wa siku hizi wanamwita Giraffatitan. Anayetafuta kwa jina moja anakosa nusu ya yaliyoandikwa. Lebo moja, "mjusi-wa-tendaguru", inawaleta wote kwenye mkeka mmoja.

Hashia

Madokezo ya mtandaoni yanaonekana kuwa ni teknolojia ngeni, lakini ukanda huu wa pwani unayajua kwa karne nyingi. Fungua kitabu cha zamani cha fiqhi au sarufi cha aina inayosomwa kwenye darasa za masheikh wa Kilwa, Lindi na Mikindani. Katikati kuna matini. Kuizunguka kuna ufafanuzi wa mwanachuoni aliyekuja baadaye. Pembeni kabisa, kwenye hashia, kuna maneno ya mwingine anayemfafanua yule mfafanuzi, au anayempinga. Aliyesoma kitabu hicho hasomi mtu mmoja, anasoma baraza zima.

Programu kama Hypothesis, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011 bila lengo la kibiashara, inaweka hashia juu ya ukurasa wa wavuti. Unaongeza kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, kwenye Chrome ya kompyuta, unafungua makala, unachagua sentensi, unaipaka rangi au unaiandikia neno. Ukirudi mwezi ujao kwa akaunti yako, rangi na maneno unayakuta palepale. Hapo watu wanaingiwa na hofu: je, nimeharibu tovuti ya watu? Je, mwenye gazeti ameona nilivyomwita mwongo?

Hukugusa chochote cha mtu. Fikiria karatasi ya nailoni inayoonesha, imelazwa juu ya ukurasa. Wino wako uko kwenye nailoni. Nailoni hiyo haiko kwenye tovuti ya gazeti, iko kwenye seva ya Hypothesis. Lakini inajuaje pa kulalia? Unapochagua sentensi, programu inaandika sentensi yenyewe pamoja na maneno machache yaliyoitangulia na machache yanayoifuata. Ukirudi, inasoma ukurasa upya na kutafuta maneno hayo, kama mtu anayeelekezwa nyumba kwa kuambiwa "baada ya msikiti, kabla ya mashine ya kusaga". Msikiti ukihamishwa kidogo bado utaipata. Mtaa mzima ukibomolewa, hapana. Mwandishi akiifuta ile sentensi, dokezo lako halipotei ila linakuwa yatima, na ndivyo wenye programu wanavyoliita: lipo kwenye orodha, lina maneno yako na sentensi uliyoinukuu, ila halina ukurasa wa kukalia. Mara nyingine yatima huyo ndiye ushahidi pekee ulio nao kwamba sentensi ile iliwahi kuandikwa.

Utaratibu wa jinsi madokezo yanavyoandikwa ili programu tofauti ziweze kuelewana ulipitishwa rasmi mwezi Februari 2017 na W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti duniani. Anayefanya utafiti hahitaji kuusoma. Anachohitaji kujua ni kwamba hili si jambo la kubahatisha la kampuni moja.

La kuogopa ni lingine. Ukiingia Hypothesis ukaandika bila kuangalia, dokezo linaweza kwenda hadharani: mtu yeyote mwenye programu hiyo akifungua ukurasa uleule anakusoma, na kwa masharti yao dokezo la hadharani umelitoa bure kwa dunia. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuweka, chagua liwe lako peke yako au la kikundi chako. Kikundi, kwa kweli, ndicho kitu kizuri kuliko vyote hapa. Wanafunzi wanne wenye msimamizi mmoja wakisoma ripoti moja ya korosho na kuandikiana pembeni, msimamizi anaona nani amesoma na nani amefungua tu. Nadhani ndiyo maana wanafunzi hawakipendi sana.

Rangi bila maneno ni kitu ninachokigombana nacho kila mwaka. Mtu analeta PDF ya kurasa arobaini, thelathini na mbili ni za njano. Ukimuuliza hapa ulipaka kwa nini, anaisoma upya sentensi kana kwamba ni ya leo. Kupaka rangi kunafanana mno na kuelewa, mkono unafanya kazi na macho yanafurahi, lakini miezi mitatu baadaye rangi haina mdomo. Neno "muhimu" nalo haliongezi kitu. Dokezo la kufaa ni kama hili, la yule binti baada ya kuelekezwa: "Anasema neno lilitoka kwa vijana wa Kimachinga waliohamia Dar. Hatoi chanzo. Mwingine anadai limetokana na maneno ya Kiingereza, naye hatoi. Waulize wazee Lindi. Sura ya 2." Maneno machache tu, na yamebeba hoja ya mwandishi, udhaifu wake, mpinzani wake, kazi ya kufanya na mahali pa kuiweka. Sura yake ya pili ilikuwa imeanza kujiandika humohumo.

Ghala lako mwenyewe

Mwezi wa tano mwaka 2024 tulipata somo ambalo hatukuliomba. Mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Kariakoo ilikuwepo, anwani tulizijua, wenye maduka walipokea simu, ila mzigo haukuja. Mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari zinazotuletea intaneti zikakatika, na watu waliokuwa na alamisho mia wakawa na majina mia ya kurasa zisizofunguka. Waliokuwa na nakala waliendelea kusoma.

Kwa utafiti wa chuo, programu ninayoipendekeza kwa nakala ni Zotero. Ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006, na ni ya bure. Jina lake wamelitoa kwenye neno la Kialbania lenye maana ya kukimiliki kitu, kukimudu. Ukiwa kwenye makala unabonyeza kitufe chake kwenye kivinjari, nayo inachukua jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha habari, jarida, anwani, na ikiwezekana PDF yenyewe. Kama ni ukurasa wa kawaida wa wavuti, inaupiga nakala. Vyote vinakaa kwenye kompyuta yako, na ukitaka vikae pia mtandaoni unapewa nafasi ya MB 300 bila malipo. PDF unaifungua humohumo, unapaka rangi, unaandika pembeni. Ukianza kuandika ripoti kwenye Word, inakuwekea marejeo kwa mtindo ambao chuo chako kimeutaka, na msimamizi akibadili mawazo kutoka APA kwenda Chicago, unabadili kwa mibonyezo michache badala ya kukesha.

Hapo wengi wanavuka mpaka na kuamini kuwa imewafanyia kazi. Zotero inaandika inachokikuta. Ripoti nyingi za kwetu zimepandishwa mtandaoni bila jina la mwandishi wala mwaka, faili linaitwa "final final 2", na Zotero itakuandikia hivyohivyo kwenye marejeo bila aibu. Majina yetu pia yanaichanganya. Inaweza kulifanya jina la kwanza la mtu kuwa la ukoo. Dakika moja ya kukagua kila unapoongeza kitu inaokoa siku nzima mwishoni. Wapo pia wanaodhani kuhifadhi makala za watu ni wizi wa kazi. Si wizi. Wizi unakuja pale sentensi uliyoinakili kwenye madokezo bila alama za kunukuu inapoonekana, baada ya miezi miwili, kama ni yako. Kwa hiyo alama za kunukuu ziwekwe siku ileile, na maneno yako yakae mstari wake.

Upande wa bando hofu imezidi ukweli. Alamisho na dokezo ni maandishi, uzito wake haufiki hata wa picha moja ya status. Kinachokula MB ni PDF zenye picha. Hizo zishushe ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, ukizisoma nyumbani hazidai kitu. Simu, tukubaliane, inafaa kukusanya kuliko kupanga: nyota na lebo zinawezekana vizuri ukiwa kwenye bajaji, ila madokezo ya juu ya ukurasa yanasumbua kwenye kioo kidogo. Asiye na kompyuta asijione amefungiwa mlango. Daftari la karatasi lenye safu nne, yaani anwani, tarehe niliyosoma, linasema nini, nalitaka la nini, linafanya kazi kubwa kuliko Zotero isiyojazwa.

Limebaki lile la kufungwa kwa huduma. Hakuna programu niliyoitaja ambayo naweza kukuapia itakuwepo mwaka 2035. Lakini vivinjari vyote vikubwa na huduma karibu zote za alamisho zina sehemu ya kutoa orodha yako nje kama faili. Ni faili dogo la maandishi, linafunguka kwenye kivinjari chochote, na huduma nyingine inaweza kulipokea ukahamia na mizigo yako. Litoe kila mwisho wa mwezi, jitumie kwa barua pepe. Kama huduma haina sehemu hiyo, usiingize utafiti wako humo, hata ikipendeza vipi.

Na kwa kurasa zilizokwisha kufa kuna mahali pa kuulizia. Internet Archive, maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, inazunguka wavuti ikipiga nakala za kurasa, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuzisoma kupitia Wayback Machine. Unabandika anwani ya ukurasa uliopotea, inakuonesha kalenda ya siku ambazo ukurasa huo ulipigwa nakala. Haina kila kitu, na kurasa zetu nyingi haikuwahi kuzipitia. Ila ina sehemu ya kuiomba ihifadhi ukurasa sasa hivi, bila malipo, na anwani inayotolewa hapo inafaa kuandikwa kwenye marejeo kando ya anwani ya asili.

Ndiko tulikompelekea yule binti. Kile kiungo alichokuwa akikililia tulikipata kwa kupekua WhatsApp yake, tukakibonyeza, kikaleta ukurasa mweupe wenye kosa la 404, maana yake ukurasa haupo tena. Tukakibandika Wayback Machine. Kulikuwa na nakala moja tu, ya miaka kadhaa nyuma, picha hazikufunguka lakini maandishi yalikuwepo yote, na zile tarehe alizozihitaji zilikuwepo. Akapumua. Akaprinti kurasa tatu, akalipa, akageuka kunishukuru. Kisha, kabla sijasema neno, akainama kwenye kompyuta ya dukani akaubonyezea ukurasa ule nyota.